Namba Zote Zilikuwa za Kweli

Mtoto wa shangazi yangu anatengeneza katuni. Anatumia Blender, programu ya bure, kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Mwishoni mwa mwaka 2024 alipata kazi yake ya kwanza ya maana: filamu fupi ya watoto, msitu mzima wenye ndege na mvua. Kadi yake ya grafiki ilikuwa imechoka. Akaniuliza mimi, kwa sababu kwenye ukoo wetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta".

"Kaka, kuna RTX 3060 iliyotumika na kuna RTX 4060 mpya. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?"

Nikamwambia achukue 4060, na sababu nilikuwa nazo. Ile 3060 ilitoka Februari 2021, hii Juni 2023. Kwenye magemu mengi hii mpya inaizidi ile kasi kwa kama moja ya tano. Inakula wati 115, wakati ile inakula 170, na anayelipia LUKU kwa fedha yake mwenyewe hapuuzi tofauti hiyo. Tena kadi iliyotumika hujui imelala wapi: mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, kadi za aina hiyo zilikimbizwa usiku na mchana kuchimba sarafu, kisha nyingi zikamwagwa sokoni.

Hakuna neno la uongo hapo. Nenda ukakague.

Kuna mambo mawili sikuyasema. La kwanza, 3060 aliyoonyeshwa ina memori ya gigabaiti 12, na 4060 ina 8. La pili, muuzaji wa 4060 alikuwa ameniahidi cha juu, shilingi elfu hamsini.

Kwa asiyejua, hiyo memori ndiyo meza ya fundi cherehani. Fundi anaweza kuwa na mikono myepesi kuliko wenzake wote mtaani, lakini kitambaa kisipoenea mezani, wepesi wake haumsaidii. Katika gemu, watengenezaji wamekwisha kata kitambaa kikaenea. Katika Blender, kitambaa unakileta wewe: kila mti, kila jani lenye picha yake, kila tone la mvua, vyote vipande mezani kwa pamoja kabla kazi haijaanza.

Msitu wake haukuenea. Programu ilisimama na ujumbe kwamba memori imejaa. Alikesha akipunguza miti, akishusha ubora wa majani, akigawanya onyesho moja kuwa matatu na kuyaunganisha baadaye. Msitu ukawa kichaka. Kazi aliiwasilisha ikiwa imechelewa siku sita, mteja akakata sehemu ya malipo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, bila hasira, "Kaka, kwani hili la memori ulikuwa hulijui?"

Nikasema nilidhani itatosha. Huo sasa ndio ulikuwa uongo, na mpaka leo unanisumbua kidogo kuliko ule ukweli wa mwanzo.

Nilijaribu kujitetea kwa msaada wa wakubwa. Mwaka 1794 mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm II, alimkaripia Immanuel Kant kwa maandishi yake kuhusu dini. Kant akaahidi kunyamaza, akijitaja katika ahadi ile kuwa raia mtiifu wa mfalme huyo. Mfalme akafa mwaka 1797. Mwaka uliofuata Kant akachapisha tena mambo yaleyale, akaeleza kwamba maneno ya ahadi aliyachagua makusudi ili yamfunge muda wa uhai wa mfalme yule tu. Na huyu ndiye mtu aliyeshikilia kwamba hata muuaji akija mlangoni kumtafuta rafiki yako, usimwambie uongo. Kumbe basi, nikasema, kupanga maneno ya kweli kwa hesabu si dhambi.

Utetezi huo ulidumu kama wiki. Kant alikuwa anakwepa mkono wa mtu mwenye uwezo wa kumnyamazisha, mtu ambaye hakustahili kuuliza alichouliza. Mdogo wangu hakuwa na mkono wowote juu yangu. Alikuwa na swali, na alinikabidhi kitu kikubwa kuliko fedha yake: uamuzi wa nini kihesabiwe. Anayekuuliza "ipi bora" amekupa mizani, na wewe ndiye unayechagua kipi kipimwe na kipi kibaki chini ya meza.

Halafu ikaja Januari 2025. Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, alisimama jukwaani Las Vegas akatangaza kwamba RTX 5070 ya dola 549 itatoa uwezo wa RTX 4090, kadi iliyoingia sokoni kwa dola 1,599. Alitaja kwamba akili mnemba ndiyo iliyowezesha jambo hilo, na ni kweli: wakati huo kadi mpya ilichora fremu moja, kisha ikabuni nyingine mpaka tatu za kuifuata, ilhali ile ya zamani iliongeza moja tu. Ukihesabu fremu zinazopita machoni, hesabu inaweza kufika. Lakini fremu za kubuni hazisikii mkono wa mchezaji kama zile zilizochorwa kweli, na hazimfai kitu mtu anayetoa picha za mwisho za filamu. Memori ni gigabaiti 12 kwa 24.

Mtandaoni watu walikasirika, nami nikaanza kucheka pamoja nao. Nikaacha. Yule bwana angalau alikuwa jukwaani, chini ya taa, mbele ya watu waliojua kwamba anauza. Mimi niliuza nikiwa nimekaa kwenye kochi la shangazi, nakunywa chai yake.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ningependa kumsingizia mdogo wangu kwamba upya ndio uliomvuta. Haikuwa hivyo. Yeye alikuwa amekwisha andika 12 na 8 kwenye daftari lake, akaweka alama ya kuuliza pembeni. Niliiona. Nilizungumzia umeme.

Juzi aliiuza 4060 kwa hasara, akapata 3060 nyingine iliyotumika. Msitu unaenea. Usiku nikamtumia elfu hamsini kwenye simu bila maelezo. Akajibu: "Ya nini hii kaka?"

Nikaanza kuandika kwamba ni mchango wangu, wa kufidia hasara ya kadi. Hilo nalo lingekuwa kweli. Nikalifuta, nikampigia.