Jicho Linalotembea Kati ya Bunduki



Katika kikao cha vijana kiliulizwa swali hili: mtu akienda kwenye maonyesho ya bunduki, akazitazama tu, akashika moja, akairudisha mezani na kwenda zake bila kununua, je, ametenda dhambi? Baba mmoja alijibu kwamba jicho haliui. Mama mmoja akasema jicho ndilo linalotuma mkono. Wote wawili wana ukweli, lakini swali halikuishia hapo.

Maonyesho ya namna hiyo yapo, na ya Marekani ni makubwa. Tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, jimbo la Texas, kijana wa miaka 18 aliingia shuleni na bunduki, akaua watoto 19 na walimu 2. Siku 3 baadaye, katika jimbo lile lile, mjini Houston, chama kikubwa cha wenye bunduki kilifungua mkutano wake wa mwaka pamoja na maonyesho. Nje watu waliandamana na picha za watoto wale. Ndani watu walipita meza kwa meza. Na bunduki zinazowekwa pale hutolewa kwanza kile chuma kidogo cha ndani kinachogonga risasi, zisiweze kupiga. Mtu anailenga, anavuta kidole, anasikia mlio mdogo, na hakuna anayeanguka.

Hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Bunduki ya mezani ni nusu ya bunduki. Inang'aa, ina mafuta, ina bei. Haina moshi wala kilio cha mama. Mtazamaji anafundishwa kupenda nusu hiyo peke yake.

Sisi wa Musumba tunaijua nusu ya pili. Katika karne ya 19 bunduki zilitoka upande wa Angola, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu, kwa nta, na kwa watu. Watshokwe walikuwa nazo nyingi. Wakubwa wa Walunda walipogombania kiti cha Mwant Yav, baadhi yao waliwaita Watshokwe wawasaidie, maana walikuwa wameiona kazi ya vyombo vile na kuitamani. Msaidizi alikuja. Katika miaka ya 1880 aliuteka musumba wenyewe, akaupora, na watu wengi wakachukuliwa utumwani. Tena Machi 1977 wenye silaha walivuka kutoka Angola na kuingia Kapanga, na Mei 1978 Kolwezi, ambako maiti zilihesabiwa kwa mamia. Mzee aliyeziona siku zile hahitaji kuonyeshwa bunduki.

Hata katika Maandiko yako maonyesho ya silaha. Someni Isaya 39. Wajumbe wa Babeli walikuja kumsalimu mfalme Hezekia aliyepona ugonjwa. Kwa furaha yake akawafungulia hazina, fedha na dhahabu, manukato, na nyumba yake yote ya silaha. Siku ile hakuna aliyeuawa, wala hakuna kilichoibwa. Hata hivyo nabii alifika na kumuuliza mfalme, watu hawa wameona nini? Hakuuliza wamechukua nini. Nabii alijua kwamba kitu kilichotazamwa kwa tamaa kimekwisha kuanza safari.

Basi vijana, kutazama kwenyewe si dhambi. Mwindaji anayetafuta bunduki ya kuwinda nyama atatazama, naye simweki kapu moja na wengine (ila na awe na kibali cha serikali!). Dhambi naiona kwa yule anayekwenda kustarehe mbele ya chombo hicho kana kwamba hakina nusu ya pili, hasa kama siku 3 nyuma nusu hiyo imepita mlangoni kwa jirani.

Lakini kuna jambo ambalo vijana hawakuuliza, nalo linatugusa sisi tulio na watoto katika migodi ya Kolwezi. Ganda la risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki: katika kilo 10, kama kilo 7 ni shaba. Wakati wa vita ya 1914-1918 Uingereza ilinunua shaba ya Katanga kwa kazi ya silaha. Leo malori yanashuka Kasumbalesa, na shaba ile inakwenda kuwa nyaya, mota, mabomba ya maji. Nyingine inakuwa ganda. Anayebeba mfuko wa mawe mgongoni haulizwi anakubali ipi. Kwenye maonyesho jina lake haliandikwi mezani.

Na fungu la kumi la kazi hiyo linaingia katika kapu letu kila Jumapili. Mimi shemasi ndimi ninayelihesabu. Sijaona bado namna ya kutenga noti iliyotoka kwa nyaya na noti iliyotoka kwa risasi, na Isaya akitufikia na swali lake, sisi pia tutapaswa kufungua nyumba.