Nyumbu wa Taverne

Mpwa wangu aliingia uani kwangu hapa Makiso, Kisangani, simu mkononi. "Noko, tazama jeshi hili."

Ilikuwa picha ya Vasily Surikov, mchoraji wa Urusi: jemadari Suvorov na jeshi lake la Warusi wakivuka milima ya Alpi mwaka 1799. Askari wanaporomoka kwenye barafu kama watu wanaotumbukia kisimani. Mmoja amejifunika uso kwa joho asione anakokwenda. Beneti ziko bundukini, na sijui nani angefika chini bila kumchoma mwenzake. Kwenye ukingo wa genge, juu ya farasi, mzee wa karibu miaka 70 anawatia moyo, nao wa karibu wanacheka. Surikov aliikamilisha mwaka 1899, miaka 100 kamili baada ya safari yenyewe. Turubai linakaribia mita 5 kwenda juu, na mnunuzi alikuwa mfalme Nicholas II.

"Mwanaume anasafiri hivyo," mpwa akasema. Kesho yake alitaka kuondoka kwenda Bafwasende. Magunia ya chumvi na katoni za sabuni alikwisha kuzipanga barazani kwangu, akingoja gari aliloahidiwa na mtu waliyejuana sokoni wiki iliyopita. Nikamwambia avute kiti.

Surikov hakuchora Taverne. Ni kijiji kusini mwa Uswisi, na hapo ndipo jeshi la watu wapatao 21,000 lilipokaa siku 5 likitazama njia. Waaustria, washirika wao, walikuwa wameahidi nyumbu wa kubeba chakula na risasi. Suvorov alifika, nyumbu hakuna. Mwishowe ikabidi Wakosaki washuke kwenye farasi wao, farasi wakageuzwa punda. Wakapanda Gotthard, wakapigana kwa ushujaa ambao simnyimi mtu, wakafika Altdorf, karibu na ziwa. Mpango ulioandaliwa na maofisa wa Austria ulisema kutoka hapo wafuate barabara ya ufukweni. Barabara haikuwepo. Mlima unaingia majini moja kwa moja, na mashua zilikuwa kwa adui zao, Wafaransa. Wakakwea tena. Walipoteremkia bonde la pili wakapata habari kwamba Jenerali Korsakov, Mrusi mwenzao waliyekuwa wakikimbilia kuungana naye, alikwisha kupigwa Zurich tarehe 25 na 26 Septemba. Hesabu mwenyewe zile siku 5. Waliotoka milimani mwezi wa Oktoba walikuwa kama 15,000, bila mizinga.

"Hiyo ni Ulaya," mpwa akasema.

Basi nikamrudisha kwetu, Yambuya, kwenye mto Aruwimi. Juni 1887 Stanley, yule mvumbuzi, alipita hapo akienda kumwokoa gavana Emin Pasha. Yeye akatangulia msituni na watu 389; nyuma akamwacha Meja Barttelot na wenzake, pamoja na mizigo na Wazanzibari na Wasudani, wangoje wapagazi 600 aliowaahidi Tippu Tip, ambaye ndio kwanza alikuwa amefanywa liwali hapa Maporomoko, yaani Kisangani ya leo. Lakini Tippu Tip naye alikuwa na neno lake: baruti aliyoahidiwa kwa ajili ya watu hao haikuletwa. Kila mmoja akakaa juu ya ahadi ya mwenzake. Wapagazi zaidi ya 400 walipatikana baada ya karibu mwaka mzima.

Na katika mwaka huo watu walikufa wamezungukwa na chakula. Mashamba ya mihogo yalikuwepo, ila mihogo michungu. Mama yeyote wa Kisangani anajua muhogo huo unalowekwa majini siku kadhaa kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Wao walikula bila kuutoa sumu, wakadhoofika, wakazikwa kando ya kambi. Sijui kama kuna jambo linaloniuma zaidi katika habari hii yote: wenye kujua kuloweka walikuwa katika vijiji vya jirani, na kambi iliwajua kwa bunduki tu. Barttelot akapigwa risasi Julai 1888. Stanley aliporudi tarehe 17 Agosti, huko Banalya, kati ya Wazungu watano aliowaacha alimkuta mmoja, Bonny, katikati ya wagonjwa na makaburi.

Mpwa akanyamaza. Akaifungua tena ile picha, akaikuza kwa vidole, akamtazama yule aliyejifunika uso.

"Noko, mimi si jeshi. Ni gari moja tu."

"Umeliona?"

"Nimeona picha yake."

"Daraja za huko je? Umemuuliza aliyepita wiki hii?"

Hakujibu. Akampigia dereva, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Akamuuliza gari liko wapi sasa hivi.

"Liko njiani," dereva akasema.

"Njiani wapi?"

Kukawa kimya, kisha kelele za watu na muziki wa baa. "Njiani, kaka. Linakuja."

Akakata simu. Akakaa kidogo, akainuka, akaanza kuingiza magunia ya chumvi ndani, maana mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Tshopo.