Dawa Isiyotajwa

Tumfikirie mama mkulima wa Kwanza aliyeshikwa na baridi yabisi ya namna ngumu. Maradhi haya siyo maumivu ya uzee. Askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, wamegeuka kushambulia vifundo vya mwenye mwili. Kukipambazuka vidole vimevimba hata hawezi kupukuchua hindi moja. Tabibu mjini Kitale amempa vidonge vya methotrekseti, ambavyo hutangulia na bei yake si kubwa. Vimewafaa wengi, yeye havikumfaa.

Ipo dawa nyingine, itengenezwayo kwa chembe hai, nayo humzuia mjumbe mmoja wa uvimbe aitwaye TNF. Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuwatibu wagonjwa kwa njia hiyo mjini London mwaka 1992. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitia adalimumabu, mojawapo ya jamii hiyo, katika orodha ya dawa muhimu. Lakini ni sindano ya kila wiki mbili, hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na bei yake yaweza kumeza mavuno ya shamba dogo.

Je, tabibu amtajie mgonjwa dawa asiyoweza kuinunua?

Wapo wasemao asimtajie, na hofu yao si ya bure. Jamaa wakisikia kuwa dawa ipo, huuza ng'ombe, kisha shamba, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Tena dawa yenyewe ina hatari: askari wakinyang'anywa silaha, kifua kikuu kilicholala chaweza kuamka, ndiyo maana mgonjwa hupimwa kwanza. Nakiri kuwa huruma hii ilinivuta siku nyingi.

Hata hivyo naiona imepotea njia. Anyamazaye amekwisha kuuhukumu mfuko wa mgonjwa bila kuuliza. Labda mama ana mwana Bungoma mwenye mshahara. Labda hana, naye atachagua karo kuliko vidole vyake. Lakini uchaguzi huo ni wake. Zaidi ya hayo, haja isiyosemwa haihesabiwi. Huko Ulaya bei ya adalimumabu ilishuka sana tangu mwaka 2018, hataza ilipokwisha na viwanda vingine vikaruhusiwa kuuza dawa mfano wake. Nani atadai nafuu kama hiyo kwa ajili ya Kwanza, ikiwa daftari za hospitali hazionyeshi aliyeihitaji?

Ningekuwa mama yule, ningetaka kuambiwa yote mawili, dawa na bei yake, nikiwa nimeketi, na tabibu asiwe na haraka.