Aliyeandikwa ataulizwa

Polisi wa mtaa alibisha hodi saa mbili asubuhi. Alikuja kuhakikisha kwamba ninalala pale nilipoiambia komini, yaani ofisi ya manispaa, kwamba ninalala. Alitazama godoro, viatu vyangu chini ya dirisha, sufuria yenye ukoko wa ugali wa jana. Kisha tukashuka wote hadi mlangoni akaangalie sanduku la barua. Sikuwa na kibao, kwa hiyo nilikuwa nimeandika jina langu kwa kalamu juu ya kipande cha plasta ya kidonda, nikakibandika. Akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, akaliandika katika daftari lake, akaniaga. Ilikuwa 2013, mjini Liège, Ubelgiji, karibu na mto Meuse.

Natoka Salamabila, kusini mwa Maniema, teritwari ya Kabambare, kwenye vilima vya dhahabu vya Namoya. Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Nilikuwa na miaka mitatu. Kama nilihesabiwa, nilihesabiwa nikiwa mgongoni mwa mama. Tangu siku hiyo hadi yule polisi aliposoma ile plasta, hakuna aliyewahi kufika mlangoni kwangu ili ajue tu kama nipo. Waliofika walitaka kitu.

Pale komini waliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Mama aliijua vizuri: msimu wa kuvuna mpunga, kabla ya adhana ya alfajiri, siku ambayo baba alikuwa safarini Kasongo. Kwao hiyo si tarehe. Namba ya usajili ya Ubelgiji ina tarakimu 11, na sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Yangu inaanza na 81, halafu zinafuata sifuri nne. Kila ninapoitoa kwa daktari, benki au kazini, ninatamka sifuri hizo moja moja.

Baada ya komini ikaja mutuele. Huku kila mtu lazima ajiunge na chama cha bima ya afya anachokichagua mwenyewe: kiko cha Wakristo, kiko cha wasoshalisti, viko visivyo na upande, na kiko kimoja cha serikali kwa asiyetaka kuchagua. Nilikaa na fomu ile wiki mbili bila kuijaza, kwa sababu mwalimu wangu wa madrasa, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba bima ni haramu. Unatoa pesa leo kwa jambo usilolijua la kesho. Ukiugua umepata, usipougua umepoteza. Basi hiyo ni kamari. Sikutaka maisha yangu mapya yaanze kwa haramu.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili wanazuoni walikwisha kulijadili. Mwaka 1985, mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu liliikataa bima ya biashara, ile ambayo kampuni inauza hofu na kula faida, likaikubali bima ya ushirika, ambayo watu wanachangiana wenyewe. Nikatafuta mutuele ilitoka wapi. Ilianza katika karne ya 19 kwa wafanyakazi kuweka sarafu katika kisanduku kimoja ili anayevunjika mguu asife njaa. Sheria ya 1894 ikavitambua vyama vyao. Desemba 1944, vita bado havijaisha, mchango ukafanywa lazima kwa wenye ajira, na sheria ya 1963 ikaweka msingi wa bima ya matibabu kama ilivyo leo.

Nilipofika hapo nikaitambua. Kwetu tuna likilimba, mchango wa kupokezana, lakini mutuele si likilimba, kwa maana katika likilimba kila mmoja anangoja zamu yake. Huku unatoa kila mwezi ukimwomba Mungu zamu yako isifike. Inafanana zaidi na mchango wa kilio. Mtu akifa Salamabila, daftari linapita nyumba kwa nyumba, na hakuna anayesema: mimi sijafiwa, kwa nini nitoe? Nikajaza fomu.

Nina sababu nyingine. Shangazi yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya kwetu ambayo sitaitaja. Alipona, mtoto akapona, lakini hakuruhusiwa kutoka hadi deni lilipwe. Alikaa wiki tano kitandani hali mzima, akinyonyesha, wagonjwa wanaingia na kutoka. Baba aliuza baiskeli mbili na mbuzi. Kila Mkongo anayesoma hapa ana shangazi wa namna hiyo. Ukiwa na kumbukumbu hiyo, huwezi kuipokea kadi ya mutuele kama karatasi ya kawaida. Mimi niliibusu, sioni aibu kusema.

Mambo ya kodi yalikuwa mazito zaidi, na swali lake halikutoka kwangu. Lilitoka kwa dada mmoja wa Kasongo tunayeishi naye jengo moja. Mchana husafisha nyumba za watu kwa mkataba; usiku alikuwa anaosha vyombo katika mkahawa mmoja na kulipwa mkononi, bila karatasi. Ile bahasha ya rangi ya kahawia ya wizara ya fedha ilipofika, aliileta kwangu tuijaze pamoja, kwa kuwa mimi nasoma Kifaransa vizuri kidogo. Mshahara huandikwa kwenye kisanduku chenye namba 1250. Aliniambia niandike wa mchana tu.

Hakuwa mlafi. Mwanawe ana pumu. Kwa kuwa kipato chake ni kidogo, alikuwa kwenye daraja la wanaolipiwa zaidi: kwa daktari wake wa kila siku alitoa euro 1 pale ambapo mwingine alitoa 4, na dawa vivyo hivyo. Daraja hilo hufuata kipato cha nyumba. Aliogopa kwamba pesa za vyombo zikiandikwa litaondoka.

"Dada," nikamwambia, "chini pale unatia sahihi kwamba umesema kweli."

Akaniangalia. "Yaya, hawa watu walikula pamba ya babu zetu. Mimi nikificha mia tatu, nimemwibia nani?"

Usiku ule sikumjibu. Swali lake lilistahili heshima, na bado nalipa heshima hiyo. Babu yangu mzaa baba alilima pamba ya lazima iliyoletwa Maniema kuanzia 1917. Kodi ya kichwa iliwekwa kwa amri ya Mei 1910, na babu aliilipa kwa fedha, mwaka baada ya mwaka, kwa serikali iliyokuwa na makao yake katika nchi hii hii ninayoishi. Asiyelipa alifungwa. Yeye pia aliandikwa, lakini ili atafutwe. Juni 2022 Mfalme Philippe alisimama Kinshasa akaeleza majuto makubwa kwa yaliyotendeka, bila kuomba radhi rasmi. Desemba mwaka huo kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza enzi za ukoloni ikamaliza kazi bila wabunge kukubaliana juu ya radhi. Deni liko. Anayesema deni hilo halipo hajui alisemalo.

Lakini kazi yangu ni ya usiku, nasukuma vitanda hospitalini, na usiku ule nilimpeleka mzee mmoja wa hapa hapa Liège kutoka wodini hadi chumba cha kusafishia damu. Anaunganishwa na mashine mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Ujana wake aliutumia chini ya ardhi akichimba makaa ya mawe, hadi mgodi wa mwisho wa eneo hili, Blegny, ulipofungwa mwaka 1980. Aliponyoosha mkono nikaona kwenye ngozi alama ndogo za buluu, vumbi la makaa lililozibwa ndani ya majeraha ya zamani. Nimeona mikono ya wachimbaji wa Namoya. Nilisimama nikaangalia mirija ikijaa damu yake, nikawaza: ile mia tatu inatoka hapa. Kwa mfalme haitoki, wala kwa kampuni za pamba. Babu yangu hatarudishiwa hata franga moja kwa dada kunyamaza kwenye kisanduku 1250, ila mrija huu utakuwa umekosa kitu.

Vitabu vya Kishafii tulivyosomeshwa vina neno kwa hali yetu. Mtu akiingia nchi ya wengine kwa amani waliyompa, hata kama ni watu ambao dini yao si yake, mali yao haimhalalikii. Kuichukua kwa siri ni khiyana. Mimi nimeingia kwa amani hiyo. Plasta kwenye sanduku la barua ndiyo ilikuwa sehemu yangu ya mkataba. Na aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii pepo wala moto: inazungumzia kuandika deni. Nimeifikiri sana aya hiyo tangu nifike huku. Mungu aliyewaweka malaika wawili waandishi kwa kila mja ameitaka na mikono yetu iandike kwa haki. Deni la ukoloni nalo lidaiwe hivyo hivyo, mchana, kwa majina na hesabu, mbele ya mabunge. Likichukuliwa kwa kificho halijalipwa. Limefutwa tu na sisi wenyewe tunaolidai.

   

Yote haya nilimweleza dada siku ya pili, taratibu, nikamwambia pia kwamba mimi si mufti. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alimwomba mwenye mkahawa amwandikie mkataba. Mwenye mkahawa akakataa. Dada akaacha kazi ile, na kwa miezi saba nyumba yao ilikuwa ngumu. Nilijua kwa harufu ya jikoni, ambayo ilipungua. Daraja lake la mutuele lilibaki. Sikumwona akijuta, wala sitasema kwamba Mungu alimlipa mara moja, kwa sababu sikuona hivyo. Fomu tuliijaza pamoja, akatia sahihi kwa mkono wake, polepole, herufi zote za jina.

Nawaza watoto wa Salamabila. Kampuni ya Banro ya Kanada ilianza kutoa dhahabu ya Namoya kwa kiwango cha biashara Januari 2016, ikasimama 2019, na dhahabu yote hiyo ilipimwa na kuandikwa. Watoto wengi waliozaliwa miaka hiyo hiyo, wazazi wakikimbia risasi kutoka kijiji hadi kijiji, hawana cheti hata kimoja. Kesho wataulizwa tarehe mahali fulani, watajibu kwa msimu wa mpunga.

Basi wewe mzazi uliyejifungua juzi Salamabila, Kabambare au Kasongo, usingoje amani ikamilike. Mchukue mtoto, nenda ofisi ya hali ya raia, taja jina, siku na saa. Sheria ya familia ya Kongo, iliyorekebishwa 2016, inakupa siku 90, na ndani ya siku hizo ni bure.