Jiwe Lisilo na Rangi

Jiwe la mtoni halimwonyeshi mgeni pa kushika.

Ndani ya jumba la mazoezi ya kupanda miamba vishikio ni vya plastiki, kila rangi ina njia yake, na chini kuna godoro nene. Kando ya mto Nyamwamba, wilayani Kasese, hakuna aliyempangia mpandaji chochote. Mafuriko ya Mei 2013, kisha ya Mei 2020, yalishusha mawe makubwa kutoka milima ya Rwenzori hadi Kilembe, na jiwe lililoletwa na maji huenda bado halijatulia.

Kwa hiyo anayeanza, awe wa mji wa Kasese au wa Bwera, kwanza alisukume jiwe aone kama linacheza. Avigonge vishikio: chenye mlio wa debe tupu akiache. Aondoe vijiwe mahali anapoweza kuangukia, na aijue njia ya kushuka kabla mguu haujaacha ardhi. Miguu hasa ndiyo ya kuitegemea, kwa kuwa soli ya mpira hung'ang'ania mwamba mkavu hata pasipo na kishikio.

Mvua ikinyesha milimani aondoke mtoni, hata kama mjini kuna jua.