Titi Lililoondolewa, Je, Liundwe Tena?

Wako akina mama wanaoondolewa matiti kabla kansa haijawaingia. Wamerithi kasoro katika chembe ya urithi iitwayo BRCA1 au BRCA2. Kati ya wanawake 100 wenye kasoro hiyo, zaidi ya 60 hupata saratani ya matiti maishani. Mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie wa Marekani, ambaye mama yake alikufa kwa saratani, alitangaza kwamba ameondolewa matiti yote mawili na kuundiwa mengine.

Papa Pius XII alifundisha mwaka 1953 kwamba hata kiungo kizima chaweza kuondolewa kikiwa kinahatarisha mwili wote. Swali linalosumbua ni la baadaye: je, kuyaunda upya ni majivuno? Papa huyo huyo, akizungumza mwaka 1958 na madaktari wanaorekebisha maumbile, hakuikataza kazi yao. Alitaka nia ipimwe.

Nia ya nani, basi? Hapo ndipo penye kazi, hasa kwetu sisi wanaume. Mume aweza kusema, "Fanya upendavyo, mama watoto," huku macho yake yakikwepa kifua cha mkewe. Mke ataamini macho. Akirudi kwenye meza ya upasuaji kwa kuogopa kuachwa, hajatibiwa wala hajajipamba. Amelipa kodi ya kukaa nyumbani kwake mwenyewe.

Tena upasuaji huo si mwepesi. Daktari huweka mfuko wa silikoni, au huchukua nyama na mafuta ya tumboni. Titi hilo halinyonyeshi, mara nyingi hubaki na ganzi, na mfuko huenda ukahitaji kubadilishwa miaka ikipita. Anayebeba maumivu ni mke. Akitaka nguo zimkae vizuri na ajione mzima kiooni, sioni majivuno hapo. (Sisi tunaonyoa ndevu kila asubuhi tunyamaze.) Akiamua kubaki na kifua bapa, hajamnyima mumewe haki yoyote.

Iko pia minong'ono ya mama mkwe na mawifi, kwamba mke ameleta laana. Kasoro hii si laana. Hata mwanamume huwa nayo bila kujua, na kila mtoto wa mwenye nayo, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Wa kuwaeleza watu wake hayo ni mume, kabla mkewe hajatoka hospitalini.