Hapana Abebaye Mzigo wa Mwenziwe



Yuko mtoto katika mtaa wetu ambaye haitwi kwa jina lake. Huitwa kwa dhambi iliyotangulia kuzaliwa kwake, kwa kuwa wazee wake hawakuoana. Juzi alitoka chuoni akilia, na watu wazima waliosikia maneno aliyoambiwa hawakumkanya mtu. Kwa ajili yake naandika haya.

Mas-ala haya ya mwana kutwikwa kosa la mzazi ni ya kale. Katika Taurati iliyo mikononi mwa Mayahudi na Wakristo, kitabu cha Kutoka, mlango wa 20, imetajwa kuwa maovu ya baba hulipizwa juu ya watoto, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wamchukiao Mungu. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, imekatazwa mwana kuuawa kwa kosa la baba, au baba kwa kosa la mwana.

Zikaja zama za Babeli, ambayo jeshi lake liliuvunja mji wa Baitul Makdis mwaka 586 kabla ya Nabii Isa. Watu wakanung'unika kwa mfano: wazee ndio waliokula zabibu mbichi, na ganzi ya meno imewapata wana. Ezekieli, katika mlango wa 18, akaukataa mfano huo: kila nafsi ina hisabu yake, na mwovu akitubu ataishi. Naye Yeremia, katika mlango wa 31, akabashiri agano jipya litakaloandikwa nyoyoni.

Hapo wenyewe wakakhitilafiana. Wakristo husema agano hilo ni la Isa, na Waraka kwa Waebrania, mlango wa 8, waliita la kwanza kuukuu. Mayahudi husema agano ni lile lile, ila litakazwa nyoyoni. Na katika Talmudi yao yumo mwanachuoni asemaye kuwa Musa alitoa hukumu ile ya vizazi, na Ezekieli akaiondoa. Na wamo wasemao kuwa haikuondoka, bali yawahusu wana washikao uovu wa baba zao.

Sisi twajua kuwa sharia huweza kufutwa na Mwenye kuiweka. Lakini uadilifu wake Mola haufutwi. Suratun-Najm, aya ya 36 hata ya 38, yatufunza kuwa hukumu ya kutobeba mtu mzigo wa mwenziwe ilikuwamo tangu katika sahifa za Musa na Ibrahim.

Basi, ndugu yangu, wafaa nini ujuzi wa khitilafu za wenzetu, ikiwa aya hii twaihifadhi kwa ulimi na kuivunja barazani? Na ijapokuwa mwana habebi dhambi ya mzazi, hali kadhalika hapandi daraja kwa wema wa babu. Ajifakhirishaye kwa nasaba na amdharauye mtoto yule wamepotea njia moja.

Kesho mtoto huyo apitapo, mwite kwa jina lake. Na mwanao akimtukana, mkanye papo hapo, mbele za watu. Ukinyamaza, dhambi hiyo si ya wazee wake tena, ni yako.